Maswali yenu: Mgombea asiyejua kusema

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu kusimama na kusema mbele za watu, na nimechagua nne. Kwa wasomaji wapya wanaouliza mimi ni nani hata nijibu mambo haya: nilikuwa mtayarishaji wa vipindi vya redio tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi nilipostaafu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kufuata mikutano ya hadhara nikiwa na mashine ya kurekodia begani, kisha kurudi studio kukata hotuba. Enzi za utepe tulikata kwa wembe kweli. Unasikiliza, unatia alama pale sentensi inapoishia, unakata, unaunga. Mkutanoni kuna ngoma, vigelegele, kofia na kanga. Studio havipo hivyo, yanabaki maneno peke yake, na hapo ndipo unamjua msemaji.

*Shikamoo mama. Nina miaka 31, nimechukua fomu ya kugombea udiwani katika kata moja ya Wilaya ya Handeni. Kwa miaka kadhaa nimekuwa mweka hazina wa kamati ya maji ya kijiji chetu, na kisima chetu hakijawahi kusimama kwa kukosa fedha ya vipuri. Tatizo langu ni jukwaani. Nikishika maiki sauti inatetemeka, nasahau nilichopanga, nasema "basi tushirikiane" nashuka. Ninayeshindana naye ni fundi wa maneno, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Rafiki zangu wananiambia kazi yangu itanisemea. Je, kuna haja ya kuhangaika na ufasaha? Nimekuandikia hapa mwanzo wa hotuba yangu: "Ndugu wananchi, ni dhamira yangu ya dhati kuhakikisha kwamba suala zima la upatikanaji wa huduma ya maji safi na salama linapewa kipaumbele, kwa kuwashirikisha wadau mbalimbali katika mchakato wa kuleta maendeleo endelevu."*
— Mgombea, Handeni

Marahaba mwanangu. Rafiki zako wanakupenda, lakini hapo wamekupotosha. Wanaoteka maji pale kisimani wanaona maji yanatoka, hawaoni daftari. Wengine wanadhani ni serikali, wengine wanadhani ni mfadhili, wengine wanadhani ni bahati. Usipowaeleza kwamba pampu inafanya kazi kwa sababu kuna mtu alitunza fedha zao, wewe utakosa kura, na wao watakosa kipimo cha kumpima mweka hazina atakayekuja baada yako.

Kisha fikiria kazi yenyewe unayoiomba. Diwani hana fungu lake la fedha wala greda. Anachopeleka kwenye baraza la madiwani kila robo mwaka ni hoja. Mbele yake wamekaa mkurugenzi na wakuu wa idara wenye taarifa zilizochapwa vizuri, na kila kata inataka zahanati, inataka madarasa, inataka barabara. Kata ambayo diwani wake amekaa kimya kutwa nzima inarudi nyumbani na posho ya diwani tu. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba ufasaha ni pambo. Kwako wewe ni jembe la kazi.

Sasa tuje kwenye hotuba yako. Nimeisoma kwa sauti na nimeitafutia mahali pa kuikata, sikupapata. Hakuna mtu ndani yake anayefanya kitu. Nani atahakikisha? Atafanya nini? Lini? Sentensi hiyo anaweza kuisema mpinzani wako, na anaweza kuisema hata mtu aliyekula fedha za maji, na wote wakapigiwa makofi. Miaka yote ile ya studio, hotuba zilizonitesa zilikuwa za namna hii. Kiongozi mmoja, simtaji, alisema karibu saa nzima, nikakosa nusu dakika ya kuweka kwenye taarifa ya habari, maana kila sentensi ilikuwa inaegemea nyingine na hakuna iliyokuwa imesimama.

Jaribu hivi. Mambo ya kweli unayajua wewe, kwa hiyo weka ya kwako:

"Kila kaya hapa inachangia maji. Fedha hizo ninazitunza mimi, na daftari ni hili. Pampu ilipoharibika, kipuri kilinunuliwa kesho yake, kwa sababu fedha ilikuwapo. Lakini kata hii ina vijiji viwili ambavyo mama anaamka saa kumi za usiku kutafuta maji. Mkinichagua, swali langu la kwanza barazani litakuwa hili: RUWASA, wakala wa maji vijijini, watachimba lini visima vya vijiji hivyo? Na jibu nitakalopewa, liwe zuri au baya, nitarudi kulisema hapa hapa."

Angalia ulichowapa. Umewaambia ulichofanya, umewaonyesha ushahidi, umewaambia utamuuliza nani na utarudi lini. Hukuahidi kisima, maana si wewe unayechimba. Tangu sheria ya maji ya 2019 kazi ya maji vijijini iko chini ya wakala huo. Umeahidi kinachowezekana kwa diwani. Na baada ya baraza la kwanza, bibi yeyote anaweza kukusimamisha njiani akuulize, "RUWASA wamesemaje?" Hotuba inayompa mwananchi swali la kukuuliza baadaye ndiyo hotuba ya kiongozi. Naamini hivyo kwa moyo wangu wote, na ndicho nilichokuwa nikikisikiliza kila nilipobonyeza kitufe cha kurekodi.

Wakubwa waliojua kusema walifanya hivyo hivyo. Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yakiwa yameingia Kagera, Mwalimu Nyerere alizungumza na wazee wa Dar es Salaam. Watu wanakumbuka pale aliposema uwezo wa kumpiga tunao, sababu za kumpiga tunazo, na nia ya kumpiga tunayo. Wengi huiga ule mdundo, wakidhani siri iko humo. Mimi nakuomba usikilize mpangilio. Kwanza alieleza kilichotokea, kwamba nchi imevamiwa. Akasema kazi iliyobaki ni moja tu. Halafu akajibu maswali matatu ambayo mzazi yeyote mwenye kijana wa kwenda vitani angeyauliza: tunaweza? kwa nini? tumeamua kweli? Na marafiki waliokuwa wakiomba suluhu akawaomba waache maneno hayo. Mkulima aliyekuwa kwenye redio ya betri kule Songea hakuhitaji mchambuzi wa kumfasiria. Ule mdundo ulikaa masikioni kwa sababu ulikuwa umebeba kitu.

Kuhusu kutetemeka: hakuna dawa zaidi ya kusema mara kwa mara mahali padogo. Usisubiri jukwaa la kampeni. Anza kwenye kikao cha kitongoji. Ukienda msibani, omba kutoa neno la rambirambi, useme sentensi chache, ukae. Sentensi yako ya kwanza ijue kwa moyo kama unavyojua jina la mama yako, kwa sababu woga hukamata mwanzo, na ukishavuka hapo pumzi inarudi yenyewe. Simama miguu yote miwili chini, tafuta mtu aliye mwisho kabisa wa mkutano, sema naye yeye. Maiki iwe chini kidogo ya mdomo, usiimeze. Mkutano ukiisha, mwendee mama anayeuza vitumbua pembeni, umuulize, "Mama, nimesema nini?" Akikueleza, umesema. Akikwambia "umeongea vizuri sana mwanangu," rudi nyumbani ukaandike upya.

Na huyo fundi wa vichekesho usimchukie, wala usimwige. Kuchekesha ni kipaji, na mkutano mkavu unachosha watu waliosimama juani. Ila siku ya pili pita gulioni usikilize wanachokumbuka. Kama wanakumbuka kichekesho tu, nafasi yako ipo.

*Mama, salaam. Mimi ni mwenyekiti wa kijiji, Korogwe. Kiongozi asome hotuba kwenye karatasi au aseme kwa kichwa? Wananchi wangu wanasema anayesoma hajui anachosema.*
— Mwenyekiti

Inategemea unasema nini. Hesabu za mapato na matumizi soma, neno kwa neno, na tarakimu zote. Taarifa ya maafa soma, maana kosa la jina moja linaweza kuliza nyumba isiyo na msiba. Mengine sema ukiwatazama usoni, na kijikaratasi chenye mambo matatu mkononi hakimshushii mtu hadhi.

Kwa taarifa ya msiba, ninayo moja kichwani ambayo kila kiongozi angeisikiliza kabla hajashika madaraka. Ni ya tarehe 12 Aprili 1984, Mwalimu alipoitangazia nchi kifo cha Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine. Alitaja saa. Akamtaja marehemu kuwa ni ndugu yetu, kijana wetu na mwenzetu. Akasema alikuwa akitoka Dodoma kuja Dar es Salaam, gari yake imepata ajali, amefariki dunia. Basi. Hakupamba, hakueleza jinsi yeye mwenyewe alivyoumia, ingawa sauti ilimsaliti na kila aliyesikia alijua. Sokoine alikuwa na miaka 45. Nchi nzima ilikuwa na hofu na maswali, na ilichohitaji saa ile ni nani, wapi, lini na kwa njia gani, kutoka kwenye mdomo wa mkuu wa nchi mwenyewe. Siku hizi nasikia matangazo ya misiba yenye aya mbili za vyeo vya anayetangaza kabla jina la marehemu halijafikiwa. Inaniumiza.

Kule Kenya, Mzee Kenyatta na baada yake Moi walikuwa na desturi kwenye sikukuu za taifa: wanasoma hotuba rasmi ya Kiingereza, wakimaliza wanaifunga, wanaanza kusema Kiswahili bila karatasi. Umati ulikuwa ukisubiri sehemu hiyo ya pili. Faida yake ni kwamba mtu wa kawaida alisemeshwa kwa lugha yake. Hatari yake ni kwamba neno lililotoka bila kupimwa linageuka amri kabla hata baraza la mawaziri halijakaa. Kwenye kijiji chako ni hivyo hivyo: usitangaze kwa kichwa mchango ambao halmashauri ya kijiji haijaupitisha.

*Mama yangu, mimi ni diwani wa viti maalum, Pangani. Elimu yangu ni darasa la saba. Kwenye vikao, wataalamu wanaleta taarifa zimejaa maneno ya Kiingereza, nikisimama naona kama nitachekwa. Nimekaa kimya vikao vingi. Wenzangu wanaume wananiambia kazi yangu ni kuunga mkono. Nimsaidieje mwanamke aliyenituma?*
— Diwani, Pangani

Dada yangu, umeniandikia ukurasa mzima bila kujikwaa mahali popote, kwa hiyo kusema unajua. Unachokosa ni mtu wa kukwambia kwamba una haki ya kusema hivyo hivyo ulivyo. Katiba yetu, ibara ya 67, inamtaka hata mbunge ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Imesema *au*. Anayejua Kiswahili peke yake hajapungukiwa na kitu mbele ya sheria.

Ninataka umkumbuke Bibi Titi Mohamed. Wengi wanaijua barabara yenye jina lake pale Dar es Salaam, wanapita kwa gari. Mwaka 1955 TANU ilikuwa chama cha wanaume. Wanawake walikuwa wachache mno. Bibi Titi hakuwa na shule kubwa wala Kiingereza. Alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Watu wa siasa wangeweza kuona hicho ni kitu cha harusini tu. Lakini fikiria kiongozi wa ngoma anajua nini. Anajua kushika umati bila kipaza sauti. Anajua kutupa ubeti na kungoja uitikiwe. Anajua kusikia pale watu wanapoanza kuchoka, abadilishe kabla hawajaondoka. Na zaidi ya yote anawajua viongozi wa ngoma nyingine kwa majina na kwa nyumba zao.

Aliwaendea hao. Hakuwaeleza katiba ya chama. Aliwaambia kwamba wanaume wote hawa tumewazaa sisi, na uhuru hautapatikana wanawake wakikaa pembeni. Sentensi kama hiyo huhitaji kwenda shule ili uibebe. Mama anaisikia jioni, asubuhi anampa jirani kisimani. Ndani ya miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa na kadi. Walichanga, waliuza vitafunio kupata fedha za chama, waliwahifadhi viongozi majumbani mwao. Bila kinywa cha mwanamke yule, TANU ingefika Desemba 1961, nadhani, ila kwa njia ndefu zaidi. Wanaokwambia kazi yako ni kuunga mkono, waulize wanamuunga mkono nani kama si wewe unayetoka kwa wapiga kura walio wengi.

La kufanya kikao kijacho ni hili. Usianze na hotuba, anza na swali. Afisa akimaliza kusoma taarifa, simama useme: "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba mtaalamu aturudie kipengele hiki kwa maneno ambayo nikienda kuyasema kwa akina mama wanaochuuza samaki, watanielewa." Ukae. Hakuna kanuni inayokataza hilo, na utaona vichwa vya hao hao wanaume vikiinuka, maana wengi wao pia hawakuelewa. Kisha ngoja jibu. Likija bado na Kiingereza, simama tena, kwa upole ule ule, na swali lile lile. Adabu unayo, usiiache. Kwenye baraza sauti ya upole inayorudi mara ya pili ina uzito kuliko ya kufoka.

Ukizoea swali, ongeza jambo moja uliloliona kwa macho: zahanati ipi haina mwanga mjamzito akija usiku, shule ipi choo cha wasichana hakina mlango. Taja mahali. Mtaalamu anaweza kubishana na takwimu kutwa nzima, lakini mlango ambao haupo hauna ubishi.

*Hujambo mama? Niko kidato cha tatu, Kitale. Tuna mdahalo shuleni, mada ni: "Ufasaha si sifa ya lazima kwa kiongozi wa kisiasa." Niko upande wa kupinga. Wenzetu watasema Kibaki hakuwa msemaji na alifanya kazi nzuri, na kwamba wasemaji wazuri ni waongo. Nijibu nini?*
— Mwanafunzi, Kitale

Sijambo mwanangu. Hao wenzenu wana hoja, usiidharau. Lakini wamechanganya ufasaha na mbwembwe.

Kibaki hakuwa mtu wa kupandisha umati mori. Alisema polepole, kama mwalimu wa uchumi aliyekuwa. Hata kampeni yake ilifunguliwa njia na maneno mawili ya mtu mwingine, pale Raila Odinga aliposema "Kibaki tosha" katika Uhuru Park tarehe 14 Oktoba 2002, na hapo hapo sehemu kubwa ya upinzani, iliyokuwa na wagombea kadhaa, ikapata mmoja. Lakini angalia Kibaki na wenzake waliahidi nini: elimu ya msingi bila malipo. Mzazi wa Turkana na mzazi wa Kibera waliielewa sawasawa. Januari 2003 hawakungoja barua. Waliwashika watoto mikono wakaenda nao shuleni, na zaidi ya watoto milioni 1 waliongezeka madarasani. Mwaka uliofuata, si mbali na kwenu, kule Eldoret, mzee Kimani Maruge aliandikishwa darasa la kwanza akiwa na miaka 84. Neno lililosemwa kwa uwazi kiasi kwamba mzee wa miaka 84 analichukua kama lake na kwenda kulidai langoni kwa shule, hilo ni ufasaha. Kwa hiyo Kibaki mchukue awe shahidi wako kabla hawajamchukua wao.

Kuhusu wasemaji wazuri kuwa waongo, hapa nakuomba uwe mkweli, hata kama ni mdahalo. Kuna baya kuliko uongo. Tarehe 22 Novemba 1992 huko Kabaya, Rwanda, Léon Mugesera alisimama kwenye mkutano wa chama. Alikuwa msomi wa lugha, mwalimu wa chuo kikuu. Aliwaambia watu kwamba Watutsi watarudishwa Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo, na waliokuwepo walielewa maana yake, kwamba mtoni wataelea maiti. Mwaka na nusu baadaye miili ilikuwa mtoni. Hotuba ile ilikuwa imerekodiwa, na utepe ule ulimfuata mpaka Kanada alikokimbilia, ukarudi naye Rwanda aliporudishwa 2012, na mwaka 2016 mahakama ilimhukumu kifungo cha maisha. Mimi niliyeshika tepu maisha yangu yote siwezi kuisoma habari hiyo nikabaki nimekaa.

Wapinzani wako wakilijua jambo hilo watalitumia dhidi yako: mnaona, msemaji hodari ni hatari. Jibu lake ni kwamba Kabaya, na kila mahali palipokuwa na Kabaya yake, palihitaji kiongozi mwingine wa kusimama kesho yake pale pale, kwa lugha ile ile, akavunja maneno yale yote moja baada ya jingine mbele ya watu wale wale. Mtu mwema asiyejua kusema hawezi kazi hiyo, na waraka hauwezi. Machi 1995, Mwalimu, akiwa mstaafu, aliona wagombea wanaanza kutafuta kura kwa dini na kabila, akawaita waandishi wa habari akaanza kuonyesha nyufa za nchi, ufa baada ya ufa, na akafananisha dhambi ya ubaguzi na kula nyama ya mtu, kwamba ukishaionja hutaacha. Baada ya siku ile, mgombea aliyetaka kuuliza wewe kabila gani alijua kuna jina la kitu anachokifanya.

Kwa hiyo siku ya mdahalo, ukipewa nafasi ya kwanza, usiwaache wao waitaje Rwanda. Itaje wewe mwenyewe, uieleze yote bila kuficha kitu, kisha uwaulize nani angesimama kumjibu yule bwana, na angesimama na nini.